Adapta za magurudumu: Mambo ya kupima kabla ya kulivisha gari la kale rimu za kisasa

GARI la kale lililotunzwa vyema huwavuta watu macho popote lipitapo. Hapa Kenya, majina kama Volkswagen Beetle, Peugeot 504 na Datsun 160J yamefungamana na historia ya mashindano ya Safari Rally. Beetle ilitwaa ushindi katika miaka ya 1954, 1957 na 1962, Peugeot 504 ikashinda 1975 na 1978, nayo Datsun 160J ikatamba 1979 na 1980.

Baadhi ya wanaomiliki magari ya aina hiyo leo hutamani kuyavisha rimu za kisasa. Tatizo ni kwamba matundu ya bolti ya rimu hizo aghalabu hayalingani na habu za gari la kale. Hapo ndipo inapoingia adapta, yaani kipande kinene cha chuma kinachofungwa baina ya habu na rimu ili vitu viwili visivyopatana vipate kushikana.

Adapta nzuri, iliyopimwa na kufungwa ipasavyo, inaweza kufanya kazi kwa miaka mingi. Adapta mbaya inaweza kulifanya gurudumu lichomoke gari likiwa kwenye mwendo wa kasi. Tofauti baina ya hizo mbili haionekani kwa macho gari likiwa limeegeshwa, na ndiyo maana mwenye gari anapaswa kuzielewa hesabu zake kabla ya kutoa pesa.

Sababu za kubadilisha rimu

Si kila anayebadilisha rimu hufanya hivyo kwa ajili ya urembo. Matairi ya vipimo vya zamani si rahisi kupatikana katika kila duka. Beetle ilitoka kiwandani ikiwa na rimu nyembamba za inchi 15, ilhali maduka mengi leo hujaza matairi mapana ya kimo kifupi yanayotumiwa na magari ya kisasa.

Isitoshe, rimu nyingi za zamani zilibuniwa kwa ajili ya tairi lenye mpira wa ndani. Rimu hizo hazina tuta dogo linalozunguka karibu na ukingo, ambalo kazi yake ni kulizuia tairi lisilo na mpira wa ndani lisiteleze kuingia katikati ya rimu linapopungukiwa na upepo kwenye kona. Mwenye gari anayetaka tairi la kisasa lisilo na mpira wa ndani ana sababu nzuri ya kufikiria rimu za kisasa.

Vilevile kuna rimu za chuma zilizoliwa na kutu kwa miongo kadhaa, au zilizopinda kwa kugonga mashimo ya barabarani mara kwa mara. Rimu kama hizo hazifai kurejeshwa kazini hata zikipakwa rangi ya kupendeza.

Namba mbili zinazotambulisha habu

Kila rimu hutambuliwa kwa namba mbili zinazoandikwa pamoja, kwa mfano 5×112. Namba ya kwanza ni idadi ya bolti. Ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha duara linalopita katikati ya bolti zote.

Rimu yenye bolti nne hupimwa kwa urahisi: ni umbali kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu linalolikabili. Yenye bolti tano haina matundu yanayokabiliana moja kwa moja. Kwa hivyo fundi hupima umbali kati ya matundu mawili yaliyo jirani, katikati hadi katikati, kisha huzidisha kwa 1.701. Akipata milimita 65.8 kati ya matundu hayo, rimu ni 5×112. Akipata 67.2, ni 5×114.3.

Tofauti hiyo ya milimita 1.4 ndiyo huwaponza wengi. Rimu ya 5×114.3, ambayo hutumiwa na magari mengi kutoka Japani, inaweza kulazimishwa kwenye habu ya 5×112 na nati zikaonekana kana kwamba zimekaza. Kwa kweli bolti huwa zimevutwa upande na nati hazikukaa sawasawa kwenye vikalio vyake. Bolti zilizofungwa namna hiyo hulegea au kukatika bila ya onyo la kutosha.

Zaidi ya namba hizo mbili, kuna kipenyo cha tundu la katikati ya rimu. Magari mengi ya kisasa huiweka rimu katikati ya habu kwa kutumia tundu hilo, ilhali magari mengi ya zamani yalitegemea bolti zenyewe. Adapta bora kwa rimu ya kisasa huwa na ukingo wa mviringo uliokerezwa ili uingie barabara kwenye tundu hilo. Ukingo huo ukikosekana, gari linaweza kutetemeka hata baada ya magurudumu kusawazishwa.

Mfano wa Beetle

Hakuna gari linalofafanua suala hili vizuri kuliko Beetle, ambayo zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa hadi ya mwisho ilipotoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003.

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, Beetle ilitumia bolti tano kwenye duara kubwa la milimita 205. Baadaye muundo huo ulibadilishwa polepole na kuwa bolti nne kwenye duara la milimita 130. Vipimo vyote viwili havilingani na vya magari madogo ya sasa, ambayo mengi hutumia 4×100, 5×112 au 5×114.3.

Duara la milimita 205 ni kubwa kiasi kwamba bolti ziko karibu na ukingo wa drumu ya breki. Rimu asilia ni kama pete iliyo wazi katikati, na drumu yenyewe ndiyo inayoipa nguvu. Adapta ya gari hilo basi huwa sahani pana: matundu ya nje huifunga kwenye drumu, na bolti za ndani huipokea rimu mpya.

Jambo la kuzingatia hapa ni nguvu inayoifikia kila bolti. Gurudumu linapogonga shimo au gari linapopinda kona, nguvu inayojaribu kulikunja gurudumu hugawanywa kwa bolti zote. Kadiri duara lilivyo dogo, ndivyo kila bolti inavyobeba zaidi. Kutoka 205 hadi 112, mzigo wa kila bolti huongezeka karibu mara 1.8.

Ndiyo sababu adapta za kutegemewa hutumia bolti nene zaidi upande wa rimu. Beetle ya bolti tano hutumia bolti za milimita 12, ilhali adapta nyingi huwekewa za milimita 14, ambazo chuma chake katika mkato ni kama mara 1.4 ya zile nyembamba. Hata hivyo, hesabu inaonyesha kwamba unene huo haufidii tofauti yote. Lililosalia hulindwa na ubora wa bolti na usahihi wa kuzikaza.

Beetle ina upekee mwingine usiofaa kusahaulika. Waya unaozungusha mshale wa kipimamwendo hupita ndani ya ekseli ya gurudumu la mbele upande wa kushoto na kutokeza kwenye kifuniko cha grisi, ambako hushikwa kwa pini ndogo. Adapta au kifuniko cha rimu kikikandamiza mahali hapo, mshale utakufa au waya utakatika. Kwenye magurudumu ya nyuma, nati kubwa ya ekseli hutokeza katikati ya drumu, na adapta sharti iwe na nafasi ya kuipisha pamoja na pini yake.

Gurudumu husogea nje

Adapta haibadilishi matundu ya bolti pekee. Kwa kuwa ina unene, hulisukuma gurudumu nje. Adapta ya milimita 25 kila upande hulipanua gari kwa milimita 50 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia.

Ili kujua gurudumu litakapoishia, hutazamwa herufi ET zilizogongwa kwenye rimu pamoja na namba inayozifuata. Namba hiyo ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaoegemea habu. Kadiri namba ilivyo kubwa, ndivyo rimu inavyoingia ndani ya gari.

Tuchukue rimu asilia ya Beetle yenye upana wa inchi 4 na ET40. Mwenye gari anataka kuiondoa na kuweka rimu ya kisasa yenye upana wa inchi 7 na ET45, kwa kutumia adapta ya milimita 25. Unene wa adapta hutolewa kwenye ET, kwa hivyo 45 hubaki 20. Hiyo ina maana kwamba mstari wa katikati ya gurudumu umesogea nje kwa milimita 20.

Upana nao umeongezeka kwa inchi 3, yaani milimita 38 kila upande wa mstari huo. Ukingo wa nje wa rimu basi utakuwa milimita 58 nje zaidi ya ule wa zamani, nao ukingo wa ndani utakuwa milimita 18 ndani zaidi. Tairi linaweza kukwaruza madigadi kwa nje na wakati huohuo kugusa vyuma vya springi kwa ndani.

Madhara hayaishii kwenye kukwaruza. Beringi za gari hubuniwa zikitarajia uzani upite mahali maalumu. Gurudumu likisogezwa nje, uzani huo huvuta kama mtu anayebeba mtungi kwa mkono ulionyooshwa badala ya kuukumbatia. Beringi ya nje huelemewa na kuchakaa mapema.

Usukani nao huathirika. Tairi la mbele likiwa mbali na mhimili linaouzungukia, kila shimo na kila jiwe huupiga usukani kwa nguvu zaidi. Breki za upande mmoja zikishika kuliko za upande wa pili, gari huvutwa upande huo kwa ukali kuliko awali. Kwa Beetle za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, ambazo zina mfumo mmoja tu wa breki za mafuta kwa magurudumu yote manne, hilo si jambo la kupuuzwa.

Ni busara basi kuchagua rimu nyembamba yenye ET kubwa, pamoja na adapta nyembamba kadiri uimara wake unavyoruhusu. Anayetafuta rimu pana kwa ajili ya sura pekee ndiye anayejitwika mzigo mkubwa zaidi.

Kimo cha tairi nacho kipigiwe hesabu. Tairi la 165/80 R15 lina kimo cha takriban milimita 645. Tairi la 205/55 R16 lina 632, yaani limepungua kwa asilimia 2 pekee. Lakini tairi la 195/50 R16 lina takriban 601, ambayo ni pungufu kwa karibu asilimia 7. Kipimamwendo kitaonyesha kilomita 100 kwa saa ilhali gari linakwenda 93, na tumbo la gari litakuwa karibu na ardhi kwa zaidi ya sentimita 2. Kwa barabara zenye matuta, tofauti hiyo husikika.

Maungio mawili badala ya moja

Watu wengi hudhani kwamba bolti za gurudumu hubeba gari kama vigingi vinavyotundikiwa vitu ukutani. Sivyo. Kazi yake kuu ni kubana. Nati ikikazwa, bolti hunyooka kidogo kama springi na kuvuta rimu iikandamize habu. Msuguano baina ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba uzani, ndio unaopitisha nguvu za injini na ndio unaolisimamisha gari breki zinapokanyagwa.

Mkazo ukipungua, rimu huanza kusogea kidogo kidogo. Bolti, ambayo haikuundwa ili kupigwapigwa kutoka upande, huanza kupinda na kunyooka maelfu ya mara. Hatimaye hukatika, na zilizosalia huachiwa mzigo zisioweza kuumudu.

Gari lisilo na adapta lina ungio moja la aina hiyo katika kila gurudumu. Lenye adapta lina mawili: habu na adapta, kisha adapta na rimu. Hili la pili huonekana na kufikiwa na spana wakati wowote. La kwanza limefichwa nyuma ya rimu, na halikaguliwi ila gurudumu liondolewe. Nati ambazo hakuna anayeziona ndizo zinazopaswa kuhofiwa zaidi.

Kutambua adapta bora

Adapta za kutegemewa hukerezwa kutoka kwa pande zima la alumini iliyofuliwa na kuimarishwa kwa joto, au kutoka kwa chuma cha pua. Mojawapo ya aina za alumini zinazotumika sana hujulikana kwa alama 6061-T6. Mtengenezaji anayejiheshimu huandika aina ya chuma, vipimo vya bolti na kiwango cha kukaza.

Zinazopaswa kuepukwa ni zile zilizosubiwa kwa kuyeyusha mabaki ya alumini, kwa mfano pistoni kuukuu. Alumini ya kusubu inaweza kuwa na mapovu ya hewa ndani yasiyoonekana, nayo hupasuka ghafla badala ya kupinda. Fundi wa jua kali mwenye kerezo zuri anaweza kutoa kazi safi kabisa, lakini ustadi wa mikono yake hauwezi kuokoa kipande cha chuma ambacho asili yake haijulikani. Rahisi ghali, wahenga walisema.

Mnunuzi atazame pia jinsi bolti za upande wa rimu zilivyoshikizwa. Bolti zilizoshindiliwa kutoka nyuma na zenye vichwa vinavyozuia zisichomoke ni salama kuliko zilizochomewa kwa moto. Ikiwa adapta ina matundu ya kupokea bolti moja kwa moja kwenye alumini, matundu hayo yawe yametiwa vikombe vya chuma, kwani uzi wa alumini huchakaa upesi kila gurudumu linapofunguliwa.

Mambo yafuatayo hayana nafasi kabisa katika gari linalopita barabarani: adapta mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, matundu yaliyopanuliwa kwa tupa ili bolti ziingie, matundu ya zamani yaliyozibwa kwa kuchomelewa kisha kutobolewa upya, na washa zilizorundikwa ili kujazia nafasi.

Namna ya kufunga

Kwanza, uso wa drumu husafishwa hadi chuma kitupu kionekane. Kutu, rangi nene na mabaki ya matope hubanwa pamoja na adapta, na baada ya kilomita chache husagika na kuacha nafasi. Nafasi ya sehemu ndogo tu ya milimita inatosha kuulegeza mkazo wote.

Pili, hujaribiwa kama adapta inakaa ikiwa tambarare bila ya kuyumba kabla ya nati yoyote kukazwa. Ikiyumba, kuna kitu katikati kinachogusa, huenda ni kifuniko cha grisi au nati ya ekseli.

Tatu, huhesabiwa mizunguko ya nati au bolti. Sehemu ya uzi iliyoingia isipungue unene wa bolti yenyewe. Bolti ya milimita 12 yenye hatua ya milimita 1.5 hutakiwa kuzunguka angalau mara 8 kabla ya kukaza, na ya milimita 14 mara 9 hadi 10. Ikiwa bolti inaingia moja kwa moja kwenye alumini, mizunguko inahitajika zaidi.

Nne, vikalio vya nati sharti vifanane na matundu ya rimu. Rimu asilia za Volkswagen hutumia bolti zenye kikalio cha mviringo kama mpira, rimu nyingi za madukani huhitaji kikalio cha pembe kama kikombe cha karatasi, nazo baadhi ya rimu za alumini za Toyota hutumia nati yenye washa bapa. Nati ya pembe kwenye tundu la mviringo hugusa kwenye mstari mwembamba tu, na haitadumu.

Tano, nati hukazwa kwa mfuatano wa msalaba au nyota, si kwa kuzunguka, na kumaliziwa kwa spana ya kupimia mkazo kulingana na kiwango cha mtengenezaji wa gari na cha mtengenezaji wa adapta. Bomba la kurefusha spana na mashine ya upepo hazipimi chochote. Zaweza kuacha nati ikiwa legevu, na zaweza pia kuivuta bolti hadi ikaanza kukatika. Uzi wa bolti haupakwi mafuta, maadamu kiwango kilichotolewa ni cha bolti kavu.

Sita, kabla ya kwenda barabarani, usukani huzungushwa hadi mwisho pande zote mbili gari likiwa limebeba watu, ili kuhakikisha kwamba tairi haligusi popote.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu huondolewa na nati za ndani hupimwa upya pamoja na za nje. Wengi hupima za nje tu na kudhani wamemaliza. Ukaguzi huo unafaa kurudiwa kila gari linapofanyiwa huduma. Mstari mdogo wa rangi uliochorwa kutoka kwenye nati hadi kwenye adapta utaonyesha mara moja kama nati imezunguka.

Dalili za hatari ni mtetemo mpya, mlio wa kubofya gari linapoanza kwenda au kupinda kona, michirizi ya kutu inayotoka chini ya nati, na vumbi jeusi la alumini kuzunguka matundu. Dalili mojawapo ikijitokeza, gari linasimamishwa hapo hapo. Haifai kuliendesha hadi nyumbani kwanza.

Magari mengine ya kale

Beetle haiko peke yake. Peugeot 404 na 504 hutumia 4×140, kipimo ambacho ni nadra kukipata kwenye rimu za sasa. Datsun za miaka ya 1970 kama 160J hutumia 4×114.3, ilhali magari madogo mengi ya leo ni 4×100.

Land Rover za mwanzo hutumia 5×165.1. Lakini kipimo hicho kiliendelea kutumika kwenye Range Rover ya kwanza na Defender, kwa hivyo zipo rimu mpya zaidi zinazoingia bila ya adapta. Linalohitaji uangalifu ni kwamba ukubwa na uzi wa bolti ulibadilika kadiri miaka ilivyopita, na nati lazima zilingane na bolti zilizopo.

Mercedes-Benz za W123, zilizotengenezwa kati ya 1975 na 1986, tayari hutumia 5×112, sawa na Mercedes, Audi na Volkswagen nyingi za sasa. Hata hivyo, tundu la katikati la rimu nyingi za Volkswagen lina milimita 57.1, ilhali habu ya Mercedes ina 66.6. Rimu hiyo haiwezi kuingia, hata kama bolti zinalingana. Huu ni ushahidi kwamba namba mbili za kwanza hazitoshi.

Njia mbadala

Kabla ya kununua adapta, mwenye gari anafaa kuuliza kama anaihitaji kweli. Kwa Beetle, matairi ya 165/80 R15 bado yanatengenezwa, na zipo rimu mpya zilizoundwa kwa kipimo cha 5×205 na 4×130. Kuna pia drumu mpya zilizotobolewa kwa vipimo vingine, pamoja na breki za diski zenye habu za kipimo cha kisasa. Njia hizo huondoa ungio lililofichika na kulirudisha gari kwenye hali ya ungio moja.

Drumu mpya inaweza kuonekana ghali ikilinganishwa na adapta. Lakini ukijumlisha bei ya adapta nne za kutegemewa, nati maalumu, kukunja madigadi na beringi zitakazochakaa mapema, tofauti hupungua. Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba gari la kale lenye vipuri vyake asilia huthaminiwa zaidi na wanunuzi pamoja na waamuzi wa maonyesho. Anayebadilisha rimu azihifadhi zile za zamani.

Sheria na bima

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka gari na sehemu zake zote, yakiwemo matairi, kudumishwa katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara. Ajali ikisababishwa na gurudumu lililochomoka, swali la kwanza litakuwa ni nani aliyelifunga na kwa kutumia nini.

Mataifa mengine yamelishughulikia suala hili kwa ukali. Nchini Australia, mwongozo wa kitaifa wa kubadilisha magari hauruhusu spesa wala adapta kati ya habu na rimu ila zile zilizowekwa na kiwanda kilichounda gari. Ujerumani, vipuri vya aina hiyo huhitaji vyeti vya majaribio na ukaguzi.

Kampuni ya bima nayo inafaa kuarifiwa kwa maandishi kabla ya mabadiliko kufanywa. Mwenye gari aliyenyamaza anaweza kujikuta akilipa mwenyewe fidia ya aliyejeruhiwa. Stakabadhi za ununuzi, vipimo vya adapta na kiwango cha kukaza vihifadhiwe pamoja na kitabu cha gari, ili hata fundi mwingine atakayelifungua gurudumu kwa sababu ya pancha ajue kwamba nyuma ya rimu kuna nati nyingine zinazohitaji kupimwa.